Mke wa Tatu wa Fundi

Mwanamke aliyekaa na mume kwa miaka mingi huyajua mashati yake kuliko mume mwenyewe. Bi Mkubwa alijua lipi limepauka kwapani, lipi lina kifungo kilichoshonewa uzi wa rangi nyingine, na alijua yote yananuka nini: shaba, jasho, na ule utepe mweusi ambao mafundi umeme hufungia nyaya. Kwa hiyo jioni ile alipoliokota shati la kazi kwenye kiti na kulinusa kabla ya kuliloweka, kama alivyozoea, alisimama palepale.

Shati lilinuka marashi.

Hayakuwa marashi ya dukani. Ilikuwa harufu tamu na nzito, kama ya maua yaliyosahauliwa ndani ya gari juani, na chini ya utamu ule kulikuwa na kitu kilichoungua. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu, maana mwenye wivu hashibi ushahidi.

"Kale katoto," alisema peke yake. "Sasa kananipakia mume wangu manukato ili niyanuse mimi."

Katoto alikokasema hakakuwa katoto. Alikuwa mke mwenzake, Bi Mdogo, mwanamke mzima mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, aliyeolewa mwaka uliotangulia. Wake hao wawili walikuwa na nyumba mbali mbali na zamu zilizopangwa, lakini mkate wao wote ulitoka mahali pamoja: kiwanda cha kufulia, mwisho wa mtaa wa karakana, kilichopokea mashuka ya nyumba za wageni na ya hospitali. Bi Mkubwa alisimamia pasi na meza za kukunjia. Bi Mdogo alikuwa kwenye mashine ya kukamulia, lile pipa kubwa linalozunguka mpaka shuka litoke kama kamba. Mume wao, ambaye kila mtu alimwita Fundi, aliangalia nyaya, mota na kila kilichowaka humo ndani. Kuwaweka watu hao watatu chini ya paa moja ni kutafuta maneno, na maneno yalipatikana kila siku.

Lakini kuhusu kazi yake, Fundi hakuwa na mzaha. Kabla ya kufungua mashine alizima swichi, akaifunga kwa kufuli lake jekundu, akatia ufunguo mfukoni, akatundika kibao cha kuonya kwamba mtu yumo kazini, na hata baada ya hayo yote alipima kwa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo inayowaka penye umeme. Waliomcheka aliwaambia, "Chekeni. Mimi nataka kufa kwa uzee." Kila mfanyakazi mgeni alifundishwa naye asiguse swichi kwa mkono wenye maji, na akimwona mwenzake ameshikwa na umeme asimrukie. "Tafuta mti mkavu, umng'oe nao. Ukimshika kwa mkono mtakuwa wawili, na jeneza halibebi wawili."

Huyo ndiye mume Bi Mkubwa alimjua. Sasa, kwa sababu ya harufu ile, alianza kumchunguza, na alichokiona hakukitarajia.

Kufuli jekundu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limeota vumbi. Fundi alikuwa anafungua mota huku mashine jirani zikinguruma, mikono mitupu, bila glavu, bila kupima, akipapasa nyaya kama mtu anayetafuta kitu mfukoni mwake mwenyewe.

"Fundi, hujazima!" alipiga kelele Mapovu, mwanamume wa mashine za kufulia, mtu mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana bila povu mikononi.

Fundi hakugeuka hata. "Huyu haniumi," alisema.

Bi Mkubwa alikuwa anapita na rundo la foronya. Neno lile lilimkwama. Umeme ni *huu*. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. *Huyu* husemwa mtu.

Kisha vitu vikaanza kuuma. Meza ya pasi ilimng'ata Bi Mkubwa kidoleni, kidogo tu, kama sindano. Kitasa cha mlango wa stoo kilimrusha mfagiaji, binti aliyekuwa amesimama asubuhi hiyo akicheka na Fundi kuhusu redio yake mbovu. Bi Mdogo aliumwa na bomba la maji, siku iliyofuata akaumwa na ubavu wa mashine yake. Wanawake wakawa wanagusa vitu kwa ncha ya vidole, kama watu wanaoonja chungu cha moto. Mapovu naye, mikono ikichuruzika maji kutwa nzima, hakuguswa hata mara moja.

"Ni unyevu tu," Fundi aliwaambia. "Msimu wa mvua."

"Unyevu unachagua wanawake?" aliuliza Mapovu. Watu walicheka. Fundi hakucheka.

Siku moja, kazi ilipokwisha na mashine zote zimezimwa, Bi Mkubwa alifika getini akakumbuka mtandio wake. Jua lilikuwa bado halijazama. Alirudi peke yake katikati ya matoroli yenye mashuka, akapita mlango wa chumba cha umeme, kijichumba kilichokuwa nyuma ya mashine za pasi, na humo ndani akasikia sauti ya mumewe.

"Tulia, mpenzi. Tulia, mama. Si nipo hapa?"

Aliijua sauti hiyo. Maneno hayo hayo aliambiwa yeye, usiku wa uchungu wa mtoto wao wa kwanza, Fundi akiwa amemshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Tangu watoto wakue hakuyasikia tena. Alikuwa amejiambia kwamba wanaume huishiwa maneno, kama kisima kinavyokauka, na hakuna wa kulaumiwa. Kumbe maneno yalikuwepo. Yalikuwa yanapelekwa kwingine.

Ndani kukajibu kitu. Haikuwa sauti hasa, ulikuwa mvumo, ule mvumo wa kabati la swichi ambao watu wa kiwandani hawausikii tena kwa mazoea, ila huu ulipanda na kushuka, ukadeka, ukanuna, ukabembelezeka.

Leo nimemkamata, aliwaza Bi Mkubwa. Akajibanza nyuma ya toroli, akisubiri Bi Mdogo atoke.

Fundi alitoka peke yake. Vifungo vya shati vilikuwa wazi, nywele zimemsimama, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo Bi Mkubwa aliona aibu kulitazama. Akaenda zake. Bi Mkubwa aliendelea kusubiri. Hakuna aliyemfuata. Alisubiri mpaka akachoka kusubiri, akausukuma mlango, na hapakuwa na dirisha wala kabati la kujificha mtu, palikuwa na ukuta mtupu na lile sanduku la chuma la swichi, vishikio vyote viko chini, umeme umezimwa, na alipolaza kiganja juu ya mlango wa sanduku, akakuta chuma kina joto, si joto la mashine bali joto la mwili, joto la mtu aliyetoka kuamka chini ya blanketi, na chuma hicho, taratibu, kikapumua.

Alitoka mbio bila mtandio.

Mtu mwingine angeogopa akanyamaza. Lakini wivu una akili zake. Kufikia asubuhi Bi Mkubwa alikuwa ameshaamua kwamba lolote lililomo mle ndani limewekwa na mke mwenzake. Akamfuata hadi meza ya kukunjia, mbele za watu.

"Umeweka nini kwenye chumba cha umeme?"

"Mimi?" Bi Mdogo alitupa shuka mezani. "Wewe ndiye unayenitilia dawa! Kila ninachoshika kinaniuma. Humu ndani nani mwenye sababu ya kuniua kama si wewe, dada?"

"Usiniite dada."

"Basi nikuite nani? Mama?"

Mapovu aliingia kati na ndoo. "Jamani, wenzenu tuna mashuka ya hospitali. Mkitaka kuuana, subirini saa ya chakula."

Mvua ilianza siku iliyofuata kabla ya mchana, mvua ya kufunga mbingu, kiwanda kikawa kiza hadi taa zikawashwa. Uani, chini ya ukingo wa paa, Bi Mdogo alimnong'oneza Fundi kitu. Fundi akapiga kelele ya furaha, akambeba, akamzungusha. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwanamke aliyekuwa anatapika kila asubuhi habebwi hivyo kwa sababu ya mshahara. Bi Mkubwa aliona yote dirishani. Pasi ilikuwa mkononi, na shuka lililokuwa chini yake likaungua.

Wakati huo huo taa zote za kiwanda zilififia hadi zikawa kama makaa, kisha zikawaka kwa nguvu mpaka watu wakafumba macho.

Maji ya mvua yaliingia kwa chini ya mlango mkubwa yakatanda sakafuni. Bi Mdogo alirudi kwenye mashine yake, akafungua kifuniko, akaingiza mikono. Hakupiga kelele. Watu hudhani aliyeshikwa na umeme hupiga kelele. Hawezi, umeme humfunga hata ulimi. Bi Mkubwa aligeuza shingo tu, akamwona mwenzake amekakamaa kama ubao, kichwa kimelalia upande mmoja, meno yamekutana, na kwa sababu mashine nyingine zilikuwa zinanguruma na mvua inapiga bati hapakuwa na mtu mwingine aliyeona, alikuwa yeye peke yake, na mti wa kutolea mashuka ulikuwa umeegemezwa kando yake, mkavu, wa kufikiwa kwa mkono, na ndipo ile harufu ya maua yaliyooza ilipomjia kwa nyuma, ikamlalia shingoni, na sauti ya kike, nzuri, isiyo na haraka, ikamwambia sikioni:

"Mwache. Hujafanya kosa. Hujafanya lolote, umesimama tu. Zamu zake zitarudi kwako. Na mtoto hatakuwepo."

Bi Mkubwa alisimama. Ukweli lazima usemwe: alisimama. Aliona nyumba yake kama ilivyokuwa zamani, sahani moja ya mume mezani kila jioni, mlango usiosubiriwa. Mkono ulikuwa mzito kama si wake.

"Mwache," sauti ikarudia, sasa ikiwa na kicheko ndani yake. "Kisha tutagawana, mimi na wewe."

Tutagawana?

Neno hilo lilimzindua kama kofi. Alikuwa amegawana tayari. Alikuwa amegawana mwaka mzima, amehesabu jioni, amemeza maneno, na sasa anatokea mwingine na sahani yake? Alipandwa na wivu mkubwa kuliko woga wote, na kwa wivu huo huo akaunyakua mti, akapanda juu ya rundo la mashuka makavu, akapiga mikono ya Bi Mdogo, akapiga tena kwa nguvu za mwanamke anayempiga mwizi, mpaka vidole vikaachia na Bi Mdogo akaanguka upande wa pili.

"Zima!" alipiga ukelele. "Mapovu, zima kila kitu!"

Kwenye zahanati muuguzi alisikiliza moyo wa Bi Mdogo, kisha akasikiliza tumbo, akasema wote wawili wana bahati. Walifunga viganja vyake kwa bandeji. Wake wawili walikaa kwenye benchi la nje, mvua imekatika, maji yanadondoka kutoka kwenye paa. 

"Niliisikia," Bi Mdogo alianza, sauti ya chini. "Iliyokuwa inakwambia uniache. Niliisikia kama unavyonisikia sasa. Na nilijua utaniacha."

"Hata mimi nilijua hivyo."

Bi Mdogo alitikisa kichwa polepole. Hakulia. Baadaye alisema, "Ilikuwa inanuka kama mashati yake."

Bi Mkubwa alimgeukia. "Mashati gani?"

"Ya Fundi. Yale marashi yako mazito. Nilikuwa nayafua mara mbili mbili."

"Yangu? Mimi nilidhani ni yako!"

Walitazamana. Kisha Bi Mkubwa, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi, akauliza, "Jumamosi usiku alilala kwako?"

"Jumamosi ilikuwa zamu yako. Alisema anakuja kwako."

"Kwangu alisema wewe unaumwa, amebadilisha zamu. Na Jumatano?"

"Jumatano aliniambia wewe unaumwa."

Bi Mdogo alijisogeza benchini hadi bega lake likaligusa la mwenzake. "Dada," alisema, na safari hii hakuna aliyemkataza. "Sasa mume wetu analala wapi?"

Walijua. Asubuhi walikwenda pamoja. Mwenye kiwanda alikuwa amesimamisha kazi kwa siku mbili kwa kuogopa kushtakiwa, milango yote ilikuwa imefungwa isipokuwa wa uani, mashine zimenyamaza, na mvumo ulisikika tangu uani. Fundi alikuwa chumba cha umeme, amekaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye sanduku la swichi kama mtu anayesukwa nywele. Alikuwa amekonda. Kwa siku ngapi alikuwa anakonda mbele ya macho yao, kila mmoja akidhani anakula kwa mwenzake?

Bi Mkubwa hakutazama uso, alitazama waya. Mke wa fundi hujua vitu bila kufundishwa. Alijua waya wa kijani na njano, waya wa ethi, unaochukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kabla haujampata mtu. Ulikuwa umekatwa. Ncha zake mbili zilikuwa zimefungwa utepe mweusi kwa unadhifu, kama kidonda kilichofungwa na mtu anayempenda mgonjwa.

"Umeukata wewe?"

"Ulikuwa unamuumiza," alisema Fundi. "Unamvuta chini. Alikuwa analia kila siku. Aliniomba."

"Umetuacha wote uchi, Baba. Mkeo amenusurika kufa. Mwanao."

Fundi alifumba macho. Chozi moja lilimtoka, hilo wote wawili waliliona. "Nimemwambia asirudie," alinong'ona. "Ana wivu tu. Akishatulia ni mtu mzuri."

Bi Mdogo alikuwa na shangazi aliyeuza viatu vya mitumba sokoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadi, ambaye watu walimfuata pia kwa mambo ya majini. Mwenyewe alisema viatu ni kazi na majini ni mzigo aliorithi. Alifika na mfuko uliojaa mabuti ya mpira na kifurushi cha ubani, na kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa jina la jini.

"Swichi kuu iko wapi? Mimi siingii penye maji na umeme haujafungwa. Jini akiniua nitakuwa shujaa, umeme ukiniua nitakuwa mjinga."

Walivaa mabuti. Mapovu, aliyekuja kwa kuombwa na kuapa kwamba haogopi, alikausha sakafu mara mbili bila kuambiwa. Bi Mkubwa alishusha swichi kuu kwa mkono wake, akalifuta vumbi lile kufuli jekundu, akafunga, ufunguo akautia kifuani. Kiwanda chote kilikuwa kimekufa. Hata hivyo mvumo uliendelea. Bi Mkubwa alichukua testa ya mumewe, akaigusisha kwenye chuma cha sanduku, na ile taa yake ndogo ikawaka.

Mapovu alitamka neno ambalo si la kuandikwa.

"Mshike Fundi mabega," shangazi alimwambia. "Usimwachie, hata akikwambia nini."

Moshi wa ubani ulipanda. Shangazi alisoma kwa sauti ya chini, na Fundi, aliyekuwa amekaa kimya kama mtoto anayenyolewa, akainua kichwa na kuwatazama mmoja mmoja kwa macho yasiyo yake. Alipofungua kinywa ilitoka ile sauti nzuri.

"Mnanifukuza kwangu?"

"Unataka nini?" aliuliza shangazi.

"Namtaka mume wangu."

"Nani alikuoza?"

"Mwenyewe. Aliniita mpenzi. Kila siku aliingia humu amechoka, akaniita mpenzi, akaniambia nitulie, nami nikatulia. Hawa walimwambia maneno hayo lini? Walimpokea kwa madai, mimi nilimpokea kwa mikono. Waulize kama wanaijua mikono yake. Waulize ana kovu kidole gani."

Kila mtu alimtazama Bi Mkubwa, maana yeye ndiye aliyestahili kujibu, na yeye alifungua kinywa na kukuta hajui, alijua mashati yote na vifungo vyote lakini kovu hakulijua, na aibu ile ilimchoma vibaya kuliko shoti yoyote, na sauti ikaanza kucheka, mvumo ukapanda ukutani ukafika darini, matoroli yakaanza kutetemeka upande wa pili wa ukuta, mashine ya kukamulia, iliyozimwa, iliyofungwa kufuli, ikaanza kuzunguka polepole kisha kwa kasi, tupu, ikilia kama mtu anayeita, na Bi Mdogo akajishika tumbo kwa viganja vyake vya bandeji.

Hapo Bi Mkubwa akapata la kusema.

"Kovu silijui. Lakini mimi nilimwomba azime kabla ya kushika, kila asubuhi alipotoka, miaka yote. Wewe umemfundisha kushika bila kuzima. Nani kati yetu anampenda? Moto nao huzipenda kuni."

Akapiga magoti. "Nishikie tochi," alimwambia mke mwenzake. Akafungua utepe mweusi wa ncha ya kwanza, akafungua wa ncha ya pili. Shaba ilikuwa inang'aa. Bi Mdogo alishika tochi kwa viganja vyote viwili na mwanga haukutikisika hata kidogo.

Bi Mkubwa akazikutanisha ncha, akazisokota.

Kitu kilishuka ukutani. Walikisikia kikipita ndani ya saruji, kikikwaruza kwa kucha, kikapita chini ya mabuti yao hadi sakafu ikajikunja, kikaenda chini, chini zaidi, na nyuma yake kikaacha ile harufu, safari hii imeungua kabisa. Na Fundi alilia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Msimfanyie hivyo! Msimfanyie hivyo, atakuwa peke yake!"

Ilibidi Mapovu amlalie.

Mvumo ulipokatika ndipo walipojua jinsi ulivyokuwa mkubwa. Testa haikuwaka tena. Shangazi alikusanya mabuti yake, akayahesabu, akawavuta wake wawili pembeni.

"Ametoka. Nimemwona akienda, hilo nawaahidi. Ila huyu wenu..." Alimtazama Fundi aliyekaa chini, kichwa katikati ya magoti. "Huyu wenu sikumwona akimfukuza. Nilimwona akimsindikiza."

Maisha yakarudi. Mwenye kiwanda alileta mafundi wengine wakabadilisha nyaya zote, wakaweka swichi inayojikata yenyewe umeme ukipotea njia. Mapovu ndiye aliyegeuka mlinzi wa sheria. Hakuna aliyegusa mota bila kufuli, na aliyethubutu alitukanwa mpaka kizazi cha tatu. Fundi alipewa kazi ya kupokea na kutoa mizigo, mbali na nyaya. Alikula, akanenepa kidogo. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya mama yake. Bi Mkubwa ndiye aliyemkata kucha za kwanza, na watu wa mtaani waliotegemea ugomvi walikufa njaa.

Akajifunza pia mikono ya mumewe. Kovu lilikuwa kidole cha pete, mkono wa kushoto. Alikuwa analipaka mafuta kila jioni, akimwambia maneno mazuri hata alipoyaonea haya. Fundi alikuwa anasema asante.

Alasiri moja wake wote wawili walikuwa nyumbani kwa Bi Mkubwa wanachambua mchele, mtoto amelala kati yao. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, redio za majirani kimya, joto limejaa chumbani. Fundi alikuwa amejinyoosha mkekani usingizini. Bi Mdogo alikuwa katikati ya hadithi ya mfagiaji na mchumba wake, karibu anacheka, aliponyamaza ghafla.

Fundi alikuwa anatabasamu. Midomo yake ilicheza, na kwa ile sauti ya kubembeleza, taratibu kabisa, akaita jina. Halikuwa la Bi Mkubwa. Halikuwa la Bi Mdogo. Lilikuwa jina ambalo hawajawahi kulisikia likiitwa na mtu yeyote.

Juu ya kichwa chake, kwenye waya usio na umeme, balbu ikawaka. Ilikuwa nyekundu na hafifu, kama kaa linalopulizwa na mtu aliye mbali.

Bi Mdogo alimnyanyua mtoto. Bi Mkubwa alimwaga mchele, akamshika mumewe bega, akamtikisa, akamtikisa tena, "Baba! Baba, amka!"

Balbu ikazimika. Fundi akafungua macho, akawatazama wake zake wawili waliomwinamia, akawatambua. Na tabasamu likamwondoka usoni, kama linavyomwondoka mtu aliyefungua mlango akitegemea kumwona mwingine.